Mshono wa Gunia la Maharagwe

Magunia arobaini ya mahindi yalikuwa yameshafungwa midomo na kupangwa ukutani pale mwanamke mmoja mwenye koti la buluu alipoingia katika stoo ya mzee Ngige, mjini Kitale, akaanza kusalimia watu kwa mkono. Alimsalimia kila mtu, hata wabeba mizigo waliokuwa na vumbi la mahindi mpaka kwenye kope, hata Jeruto aliyekuwa amekalia debe lililopinduliwa, sindano ndefu ya gunia mkononi. Mgeni anayesalimia stoo nzima hivyo hajaja kununua mahindi. Jeruto alilijua hilo, akainamisha kichwa, akaendelea na kazi.

"Naitwa Nyambu," mwanamke alisema. "Niko idara ya upelelezi, Bungoma. Sijakuja kushika mtu. Nimekuja kuuliza."

Mzee Ngige akavua kofia. Aliletwa huku Trans Nzoia akiwa mtoto wa mgongoni, wazazi wake wakitoka Nyeri, na sasa alikuwa mwenye stoo na lori mbili, lakini mbele ya serikali bado alisimama kama mtu aliyeingia shamba la wenyewe.

"Afande, mahindi yangu yote yako na karatasi."

"Sina shida na mahindi, mzee. Nataka washonaji wako."

Washonaji walikuwa watatu. Mashine ya kushonea magunia ilikuwepo, ila mzee Ngige hakuiamini. Uzi wake ukikatika mahali pamoja tu, gunia zima hufunguka kama zipu na mahindi kubaki barabarani. Kwa hiyo magunia ya safari ndefu yalishonwa kwa mkono, na mkono aliouamini kuliko yote ni wa Jeruto.

Nyambu alitoa simu akaonyesha picha. Ilikuwa picha ya mdomo wa gunia, imepigwa karibu sana mpaka uzi wa katani ukaonekana mnene kama kamba ya ng'ombe.

"Nani hapa anashona hivi?"

Tabby, mshonaji wa pili, ndiye aliyechungulia kwanza. Tabby alikuwa mtu wa kuchekesha hata matangani. "Haki afande, gunia ni gunia. Si hii ni kama unionyeshe kitovu uniulize ni cha nani?"

Wabeba mizigo wakaangua kicheko. Simu ikafika kwa Jeruto. Aliangalia mara moja, akairudisha.

Mara moja ilitosha. Mshono ulikwenda hatua tatu mbele, ya nne ikarudi nyuma kuikanyaga ya tatu, ndipo ukaendelea. Mwisho hapakuwa na fundo. Ncha ya uzi ilipitishwa chini ya mishono mitatu, ikapotelea humo. Hivyo ndivyo alivyoshona mama yake, Linah, na alipokuwa hai alikuwa akisema kwamba fundo likionekana, mwizi anajua pa kuanzia. Mama alikuwa amekufa miaka minne iliyopita. Duniani walibaki wawili wenye mshono ule: Jeruto, na ndugu yake mdogo, Noah. Na huu wa kwenye picha ulianzia pembe ya kulia ya gunia, ukaelekea kushoto. Noah alikuwa mtu wa mkono wa kushoto.

"Siujui," Jeruto alisema.

"Sawa," Nyambu akasema, wala hakumkazia macho. "Basi kila mmoja anishonee gunia moja. Ni kazi yenu ya kila siku, haitawasumbua."

Wakaletewa magunia matatu ya mahindi. Jeruto alishika sindano na kwa mara ya kwanza tangu afundishwe akaifikiria. Alishona mbele, mbele, mbele, kama watu wote. Kila alipofika hatua ya nne mkono ulitaka kurudi, akauzuia. Jasho likamtoka chini ya kitambaa cha kichwa. Mwishoni akapiga fundo kubwa, baya, lililosimama kama chunusi.

"Ala! Jeruto wangu!" Tabby akapiga kelele. "Leo umeshona nini hii? Umeamka na homa ama ni mapenzi? Mzee, angalia, huyu mtu wako wa safari ndefu leo ameshona kama mtu anafunga mbuzi!"

Tabby hakuwa na ubaya wowote. Lakini Nyambu aligeuka. Alimtazama Tabby, akalitazama gunia, kisha akatembea polepole mpaka ukutani penye magunia arobaini ya asubuhi. Akapitisha kidole kwenye mdomo wa gunia la kwanza. Akapitisha kwenye la pili.

"Haya yameshonwa na nani, mzee?"

Mzee Ngige aliikunja kofia yake. "Ni huyo, Jeruto. Lakini huyu ni mtoto mzuri, afande. Hana maneno."

"Chukua sweta yako, Jeruto," Nyambu akasema. "Tunaenda Bungoma tuongee."

Walitoka Kitale katika gari dogo jeupe lisilo na alama yoyote ya polisi, Nyambu mwenyewe akiendesha, na askari mmoja asiyesema amekaa nyuma. Mvua ya Aprili ilikuwa imeanza na mashambani watu walikuwa wanapanda. Karibu na Kiminini Nyambu alisema, "Najua si wewe uliyeshona lile gunia."

Jeruto alifunga vifungo vya sweta.

"Mkono wako unaanzia kushoto. Ule mwingine unaanzia kulia. Lakini mmefundishwa na mtu mmoja. Nakosea?"

"Mama ndiye alinifundisha. Alikufa."

"Pole. Alifundisha nani mwingine?"

Gari lilipita madimbwi mawili, matatu. Jeruto alikuwa anaangalia mikono yake juu ya magoti kama mikono ya mtu mwingine.

"Haya, usinijibu," Nyambu akasema. "Wacha mimi nikuambie ninayojua, ndio uone sijakuja kukuonea. Oktoba mwaka jana, Kamukuywa, kijana mmoja anaitwa Wabwile alikuwa anafunga duka lake. Anauza mbegu na dawa za mifugo. Watu wawili wakamjia, wakataka simu na mkoba, akakataa, wakampiga risasi. Tuliokota ganda la risasi mlangoni. Bunduki yenyewe tuliikuta baada ya siku tatu, imetupwa ndani ya miwa. Tukapeleka vyote viwili Nairobi. Kule kuna watu kazi yao ni kuangalia tu: bunduki ikifyatuliwa inaliuma ganda, na kila bunduki iko na meno yake. Wakasema ndiyo, ganda hili limeumwa na bunduki hii."

Aliinua mguu kwenye pedeli ya mafuta, punda alikuwa anavuka.

"Sasa tukataka kujua imetoka wapi. Kila bunduki inapigwa nambari kwa chuma ikitengenezwa. Hii ilikuwa imekwanguliwa na tupa mpaka ikang'aa. Wenye kuiuza wanafikiri wakikwangua wamemaliza. Lakini nambari ikipigwa, chuma kinaumia mpaka chini, mahali jicho halifiki. Wale wa Nairobi wanapaka dawa kali, wanangoja. Pale palipoumia panajitokeza. Ilitoka tarakimu moja, kesho yake nyingine. Wiki mbili, tukapata zote isipokuwa moja. Tukaandika barua Uganda, kwa ofisi inayoshughulika na hayo. Tukangoja miezi mitatu. Juzi wamejibu: bunduki ilikuwa ya mlinzi wa kituo kimoja huko Uganda, ng'ambo ya mlima wa mpakani, ikapotea miaka saba iliyopita. Kwa hiyo naijua ilikozaliwa, naijua ilivyopotea, najua ilimuua nani. Hata yule aliyefyatua nimeshamfungia. Yeye anasema bunduki aliokota njiani, kama kofia."

"Na gunia?" Jeruto alijikuta ameuliza.

"Lilikuwa chini ya kitanda chake. Maharagwe, na katikati ya maharagwe bunduki nyingine mbili zimefungwa nailoni. Zote tatu zililetwa pamoja, ile ya kwanza ilitolewa kwa tundu dogo chini ya gunia. Nilipoingia, askari ameshatoa kisu akate mdomo. Nikamwambia acha mdomo, kata tumbo. Shangazi yangu kule Taita alikuwa anasuka vikapu, na alikuwa akipita sokoni anakuonyesha, hiki cha fulani, hiki cha fulani, bila kuuliza. Nikajua huyu aliyeshona hapa si mtu wa kubahatisha. Na gunia liko na mhuri wa Ngige." Akabadilisha gia. "Mhuri si kitu, magunia yanazunguka. Lakini kutoka mpakani mpaka chini ya kile kitanda kuna kipande cha njia nisichokiona. Mtu mmoja tu ndiye ninayemkosa, dada. Aliyelibeba akalishona."

Septemba. Jeruto alikumbuka vizuri kwa sababu ilikuwa Jumapili na baba alikuwa ametangulia kanisani. Noah alifika na pikipiki yake, ile aliyobebea maharagwe ya watu kutoka Suam, kule mpakani, mpaka Kitale, akasimama mlangoni bila kuvua helmeti.

"Dada, niazime sindano."

"Ya nini siku ya Mungu?"

"Kuna gunia la mtu limepasuka mdomo. Wanalitaka leo."

"Nikushonee?"

"Aa, wacha. Ni moja tu."

Alimpa sindano na uzi. Baada ya kanisa aliikuta imewekwa juu ya dirisha, imepanguswa. Noah alikuwa mtu wa kupangusa vitu.

Walifika Kamukuywa. Nyambu hakusimamisha gari, alipunguza tu mwendo. Duka la Wabwile lilikuwa na mlango wa kijani na kufuli mbili, na juu ya mlango mtu alikuwa amechora mahindi mawili na ng'ombe mwenye tabasamu. Nyambu hakusema hili ndilo. Hakukuwa na haja.

Bungoma walimkalisha kwenye benchi ya ukumbini. Nyambu alisema anakwenda kutafuta faili, angoje. Kwenye benchi ile alikuwako mama mmoja mtu mzima, miguu yake haigusi sakafu vizuri, amekumbatia mkoba magotini kwa mikono yote miwili. Alisogea.

"Kaa, mtoto wangu. Hii benchi ni ya sisi wote."

"Asante, mama."

"Umetoka mbali?"

"Kitale."

"Mimi Kamukuywa. Nakuja kila Jumatano." Aliongea kama mtu anayeelezea safari ya kliniki. "Wameshanizoea. Yule wa mezani ananiita shangazi. Nakuja kuuliza funguo."

"Funguo?"

"Za duka la kijana wangu. Walimuua Oktoba. Wabwile. Funguo zilikuwa kwa mfuko wake, sasa ziko kwa serikali, wanasema ni ushahidi, mpaka kesi. Na kesi wanasema haiwezi kwenda mpaka wajue nani alileta ile bunduki." Akatikisa kichwa polepole. "Mimi sina haraka ya kesi. Kesi itamleta? Lakini ndani kuna mbegu. Watu waliandikisha mbegu kwake, amewawekea majina juu ya mifuko, na mwandiko wake ule mbaya. Mvua si hii imekuja? Watu wanapita nyumbani, hawaniulizi, wana adabu. Wanasalimia tu na kuangalia juu, mbingu. Nawaambia mbegu yenu iko, ni mlango."

Jeruto hakuweza kumwangalia. Aliangalia kandambili za yule mama, zilizooshwa mpaka rangi ikatoka.

"Na wewe, mtoto wangu? Umefiwa na nani?"

Hilo ndilo swali la benchi ile, na aliliuliza kwa upole, kama mtu anayekupa nafasi uweke mzigo chini. Jeruto angeweza kusema hajafiwa. Angeweza kusema amekuja kwa kitambulisho kilichopotea.

"Ndugu yangu," alisema.

"Yesu wangu. Mkubwa ama mdogo?"

"Mdogo."

"Pole. Pole sana." Yule mama akaachia mkoba mkono mmoja, akamshika Jeruto kifundo cha mkono, akakishika tu. "Msiba wa mdogo unauma vingine. Wewe unakuwa umembeba."

Na kweli alikuwa amembeba. Mama yao akiwa stoo tangu alfajiri, Jeruto alimbeba Noah mgongoni mpaka miguu yake ikawa inaburuta chini na watu wakawacheka. Ule ugonjwa wa mwisho, mama akiwa amelazwa hospitali ya Lugulu, walikaa wawili pembeni ya kitanda na gunia tupu, mama anawafundisha kwa sauti ya chini kwa sababu hakuwa na kitu kingine cha kuwaachia. Noah alikosea, mama akamwambia fumua. Akakosea tena, fumua. Akashona mara tisa. Mara ya kumi mama akapitisha kidole juu ya mshono, akafumba macho, akasema, "Huu hata mimi ningeuwekea jina langu."

Nyambu alitokea mlangoni. "Jeruto."

Alisimama. Yule mama akamwachia mkono, akasema, "Nenda, usiogope, ni watu wazuri. Wanachelewa tu."

Ndani kulikuwa na meza, na juu ya meza lile gunia lenyewe, tumbo limekatwa, mdomo mzima. Jeruto alikaa mbali nalo.

"Yule mama hapo nje," alisema, "nikisema jina, mtampa funguo?"

Nyambu alifunga mlango. "Nikijua nani aliyeleta, ninaweza kuomba duka lifunguliwe, lipigwe picha, funguo zirudishwe. Siwezi kukuapia. Lakini ninaweza kuomba, na sijawahi kuwa na kitu cha kuombea."

"Na yeye mtamfanya nini?"

"Mimi simfanyi kitu. Ni korti."

"Ni mtoto mzuri."

"Wengi wao ni wazuri, Jeruto. Wale wabaya hawabebi wenyewe. Wanatafuta mtu mzuri mwenye pikipiki."

Jeruto aliweka kiganja juu ya meza, karibu na gunia lakini bila kuligusa. Nyambu hakumharakisha, hata kalamu hakuishika.

"Anaitwa Noah," Jeruto akasema. "Noah Kiptum. Ni ndugu yangu. Alikuja kuazima sindano Jumapili, mwezi wa tisa, na mimi nikampa."

Alipotoka, benchi ilikuwa tupu. Yule wa mezani alisema shangazi amekwenda kuwahi gari.

Noah alichukuliwa kesho yake mchana, akiwa anachimba mtaro wa maji nyuma ya nyumba ya baba yao, huko nyuma ya Endebess ambako mlima unaanza kupanda. Hakukimbia. Alisimika jembe ardhini likasimama wima, akanawa mikono kwenye ndoo, akawafuata. Mzee Kiptum aliwafuata pia mpaka barabarani, na fimbo yake, akiuliza, "Mnampeleka wapi? Nani amesema? Nani?" Askari hawakumwambia. Nyambu alikuwa amemwahidi Jeruto jambo moja, kwamba jina lake halitatajwa kwa kijiji, na hilo alilitimiza.

Ilipita wiki tatu kabla Jeruto hajaruhusiwa kumwona. Gari liliposimama Kamukuywa kushusha watu, aliona mlango wa kijani uko wazi, na foleni ndogo ya watu wenye mifuko mitupu, na ndani, nyuma ya meza ndefu, yule mama anasoma jina juu ya mfuko akiwa ameusogeza karibu na macho. Jeruto alijiinamia kwenye kiti mpaka gari likaondoka.

Rumande, kati yake na Noah kulikuwa na wavu. Alikuwa amenyolewa. Bila nywele alifanana na baba.

"Niaje, dada."

"Umekula?"

"Tunakula. Maharagwe." Akatabasamu upande mmoja. "Kila siku maharagwe, bana. Mungu ananicheka."

Jeruto hakucheka naye. "Noah. Ulijua?"

Alikwaruza wavu kwa ukucha. "Waliniambia ni maharagwe. Nilipofika Suam nikalibeba, nikaona limelalia upande mmoja. Maharagwe hayalali hivyo, yanatulia. Njiani mdomo ukafunguka, nikaona nailoni. Sikugusa. Nilijua na sikujua. Nikasema nikilifunga vizuri nisione tena, litakuwa maharagwe."

"Ungeshona ovyo, Noah. Kama watu wote. Hakuna mtu angejua."

"Ovyo vipi?"

"Mbele tu. Fundo."

Akawaza kweli, uso ukakunjamana, kama mtu aliyeulizwa hesabu. "Sijui kushona ovyo," akasema. "Mikono inakataa. Wewe unaweza?"

"Nilijaribu. Tabby alinicheka mbele ya stoo nzima."

Hapo wakacheka wote wawili, kicheko kidogo kibaya kilichowatoka puani, na kabla hakijaisha Noah alikuwa amefunika macho kwa kiganja. Askari wa zamu akawaangalia, akageukia dirisha.

"Hawa watu walinipataje?" Noah akauliza kutoka nyuma ya mkono. "Yule wa Suam hata jina langu hajui. Nimelala nafikiria, nafikiria. Ni Tabby? Ni mzee Ngige?"

Angeweza kunyamaza. Alikuwa ameshajiambia njia nzima kwamba atanyamaza, kwa sababu Noah alikuwa na mengi ya kubeba humo ndani, hakuhitaji na hili.

"Ni mimi," Jeruto alisema.

Noah alishusha mkono. Pembeni yao mwanamume mmoja alikuwa anamweleza mkewe kuhusu ng'ombe aliyezaa.

"Walikupiga?"

"Hapana."

"Walikutisha?"

"Hapana. Nilikutana na mama ya yule kijana."

Akaitikia kwa kichwa, mara moja, mara mbili, taratibu, kama anayesikiliza kitu kinachosemwa mbali. Kisha akauliza, "Baba anajua ni wewe?"

"Hajui."

"Usimwambie."

"Noah, ananiuliza kila siku."

"Usimwambie, dada. Atabaki na nani?" Alisimama kabla askari hajasema muda umekwisha. "Nimemaliza," alimwambia askari, na alipofika kwenye mlango wa ndani hakugeuka, ila mkono wake wa kushoto aliuweka nyuma ya mgongo, vidole vimekunjwa kama vimeshika sindano, akaingia.

Jumapili hiyo Jeruto alipika ugali na mboga, akamwekea baba yake maziwa kwenye kikombe cha bati. Mzee Kiptum alikuwa amerudi kutoka kanisani, bado amevaa koti. Kwa wiki hizi tatu alikuwa amekonda shingo, kola ikamzunguka. Mtaro wa Noah ulikuwa umejaa maji nyuma ya nyumba, jembe bado limesimama mahali lilipoachwa, na hakuna aliyeligusa.

"Umemwona?"

"Nimemwona, baba. Yuko salama. Anakusalimu."

"Anakula?"

"Anakula."

Mzee alivua kofia, akaiweka gotini, akainamisha kichwa. Jeruto naye akainamisha. Mzee alishukuru kwa chakula, akashukuru kwa mvua, akamwombea marehemu Linah mahali pema. Kisha sauti yake ikashuka, ikawa kavu.

"Na yule aliyemtoa mtoto wangu kwa mdomo wake, Bwana, wewe unamjua. Mimi simjui. Usimpe usingizi. Akikaa na watu wake kula, chakula kimkwame. Asipate mtu wa kumwita mwanangu, mpaka siku utakapomleta hapa mbele yangu nimwone uso. Kwa jina la Yesu."

Alingoja. Mvua ilikuwa imeanza tena juu ya mabati, nyepesi.

"Sema amina, mwanangu," mzee akasema, bado amefumba macho.

"Amina," Jeruto alisema, akamkatia baba yake ugali.